Haja ya Kijiji Ifike Bajetini Kabla ya Mvua

Mtinko, kama ilivyo Singida nzima, ina msimu mmoja tu wa mvua. Zikianza kunyesha Novemba au Desemba, kila mwenye jembe yuko shambani, na humpati mtu wa kukaa chini ya mti kujadili choo cha shule. Bahati mbaya, miezi hiyohiyo ndiyo halmashauri hukusanya mapendekezo ya bajeti ya mwaka unaofuata. Ikifika Juni, alizeti imevunwa, watu wana nafasi, mikutano inajaa na hoja zinatoka kwa moto. Ila kwa wakati huo bajeti iko Bungeni inapitishwa, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza bila choo chenu ndani yake.

Nimeanza na kalenda makusudi. Vijiji vingi hukosa miradi zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa umaskini au kwa uzembe wa diwani, ingawa diwani ndiye anayelaumiwa. Basi utumie mwongozo huu kati ya mavuno na mvua, yaani kuanzia Juni hadi Oktoba, ili Novemba ikifika kazi yako iwe imeshaandikwa, imepigwa mhuri na iko kwenye jalada la kata.

Kwanza ujue unakaa chini ya nani. Mtinko ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Singida, ambayo makao yake yako Ilongero. Wapo wanaoichanganya na Manispaa ya Singida. Wilaya ni moja na mkuu wa wilaya ni mmoja, lakini halmashauri ni mbili, kila moja na mkurugenzi wake, madiwani wake na mfuko wake. Ukipanda gari kwenda mjini na barua ya zahanati ya kijiji chako, ukaiacha manispaa, umechoma nauli. Chini ya kata kuna vijiji, na chini ya vijiji kuna vitongoji. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kwa kipindi cha miaka mitano, kwa hiyo bado unao kwa muda. Mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata hawachaguliwi. Hao ni waajiriwa, na ndio wenye kalamu.

Na kalamu hiyo ndiyo kitu cha kukimbilia.

Azimio, si malalamiko

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ndiyo inayoandaa mambo yanayopelekwa pale. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanasubiri siku ya mkutano, wanakaa kimya ajenda zikisomwa, kisha wanasimama kwenye "mengineyo" jua likiwa limeshapinda na nusu ya watu wameondoka. Mwenyekiti anajibu, "Tumelichukua, tutalifanyia kazi." Kwenye muhtasari panaandikwa mstari mmoja: wananchi walilalamikia maji.

Mstari huo hauna faida. Anayeusoma Ilongero hajui maji gani, kitongoji gani, watu wangapi, wala mnataka nini kifanyike. Ukitaka hoja yako iwe na miguu, mpelekee mwenyekiti wa kitongoji chako mapema, naye aiingize kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, ili itoke huko ikiwa ajenda yenye namba yake. Siku ya mkutano mkuu, kabla watu hawajatawanyika, mwombe mtendaji asome azimio kwa sauti. Liwe na sura kama hii: mkutano umeazimia kwamba kisima cha pampu ya mkono cha kitongoji fulani, kilichoharibika tangu mwezi fulani na kinachohudumia kaya kadha wa kadha, kiombewe ukarabati RUWASA (wakala wa maji vijijini), wananchi watachangia mchanga na kuchimba mtaro, wafuatiliaji ni fulani na fulani. Kaya zihesabiwe kweli. Idadi ya wanafunzi itoke kwa mwalimu mkuu, na idadi ya wagonjwa itoke kwenye rejista ya zahanati. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe, kwa kuwa azimio la watu 12 halina uzito wa azimio la watu 200, hata kama maneno ni yaleyale.

Omba nakala yenye mhuri, au piga picha kwa simu. Mtendaji akihamishwa, na watendaji huhamishwa mara kwa mara, jalada linaweza kupotea lakini nakala yako ipo. Akikwambia muhtasari ni siri, mjibu kwa heshima kwamba mkutano ulikuwa wa hadhara, na kwamba Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 za kulijibu ombi lililoandikwa. Mara nyingi hamtafika huko. Barua fupi yenye tarehe inatosha kumkumbusha mtu wajibu wake.

Kutoka kijijini azimio linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo wengi wanaiita WDC. Diwani ndiye mwenyekiti, wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe, na mtendaji wa kata ni katibu. Hiki ndicho chumba chenye ushindani kuliko vyote. Kila kijiji kimekuja na haja yake, na fedha haiwezi kutosha hata robo ya haja hizo, kwa hiyo vipaumbele vinapangwa na vingine vinasukumwa chini. Muulize mwenyekiti wako swali moja anapotoka humo: chetu kimekuwa cha ngapi? Asipojua, ama hakuhudhuria ama alikaa kimya. Orodha ya kata hupelekwa halmashauri, hupita kwenye kamati za kudumu za madiwani, na kwa kawaida Baraza la Madiwani hupitisha rasimu ya bajeti Januari au Februari kabla haijaenda mkoani na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Vikao vya Baraza ni vya wazi. Mwananchi anaweza kukaa nyuma na kusikiliza, ila hana ruhusa ya kuchangia. Ni wachache wanaokwenda, na ninawashauri waende japo mara moja. Diwani huzungumza kwa namna nyingine anapoona watu wa kata yake wameketi ukumbini.

Mlango upi

Hadi miaka michache iliyopita ilitosha kusema "halmashauri". Siku hizi si hivyo. Barabara za wilaya na za vijijini zilihamishiwa TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini yakaenda RUWASA mwaka 2019. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Umeme ni TANESCO pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini. Zahanati, vituo vya afya vya serikali, shule za msingi na sekondari, masoko na majosho ya kuogeshea mifugo vimebaki halmashauri. Diwani bado anaulizwa yote hayo mnadani, na hana budi kujibu, lakini meneja wa TARURA hapokei amri yake. Kwa hiyo azimio la kalavati lililobomolewa na maji lipelekwe kata kama kawaida, na nakala iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Mwezi mzuri wa kufanya hivyo ni Mei, mvua zikikatika, wakati makorongo bado yanaonekana na picha inasema kila kitu.

Kuhusu maji nina maneno zaidi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo: mkazi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, achote ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu wasiozidi 250. Kipimo hicho kiandikwe ndani ya azimio lenu, kwa sababu kinageuza malalamiko kuwa upungufu unaopimika. Mama anayesukuma baiskeli yenye madumu kilomita mbili anajua kuwa ni mbali. Ofisi inahitaji kusoma kwamba umbali huo ni mara tano ya uliokubaliwa.

Halafu kuna ubora. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini yanajulikana kwa floridi nyingi, na vingine kati ya visima vyake ni vya chumvi. Floridi ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kwa hiyo kisima kikichimbwa msishangilie maji tu. Ulizeni majibu ya maabara kabla pampu haijafungwa, na muombe yasomwe mkutanoni kwa lugha ya kawaida. Mfadhili akija na mtambo wa kuchimba bila kupitia RUWASA, mshukuruni kisha mpelekeni RUWASA. Kisima kisichojulikana na wakala kitakosa fundi na vipuri siku kikiharibika.

Boma

Pita njia yoyote ya vijijini katika mkoa huu utaliona: kuta za tofali zimefika lenta, hazina paa, na mbuzi wamejibanza ndani kukimbia jua. Wananchi walijitolea, wakasomba mawe na mchanga, wakachanga fedha za alizeti, kisha jengo likasimama hapo. Serikali ina utaratibu wa kumalizia maboma, na imewahi kutoa shilingi milioni 12.5 kwa boma la darasa moja na milioni 50 kwa boma la zahanati. Kwa nini basi lenu halipati?

Sababu ya kwanza mara nyingi ni ramani. Boma lililojengwa kwa vipimo vya fundi wa kijijini, pasipo ramani za TAMISEMI na pasipo mhandisi wa halmashauri kuukagua msingi, ni mzigo kwa mhandisi. Akilipaua likaja kupasuka, atajibu yeye. Udongo wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi mfupi hauuwezi. Mwiteni mhandisi kabla ya tofali la kwanza, hata ikibidi kuchangia mafuta ya pikipiki yake. Huo mchango nao uandikwe.

Sababu ya pili ni kwamba boma halipo kwenye orodha. Lilianzishwa na watu wenye moyo, likatangazwa kwenye mikutano, lakini halikuingizwa kwenye mpango wa kijiji wala wa kata. Fedha za kumalizia zinapokuja, anayezigawa anafungua orodha.

Ya tatu inauma zaidi: ardhi. Mzee mmoja ametoa eneo kwa roho safi, watu wamempigia makofi, hakuna kilichoandikwa. Miaka kumi baadaye amefariki, watoto wamerudi kutoka Arusha na Dar es Salaam, nao wanasema hawajui habari za zawadi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haikubali halmashauri ya kijiji igawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na idhini hiyo huthibitishwa kwa muhtasari. Fanyeni hivi: mzee aandike barua ya kutoa eneo, mke au wake zake na watoto wakubwa waweke sahihi, majirani wanaopakana naye washuhudie mipaka, mkutano mkuu upokee na kuazimia. Kama kuna makaburi ndani ya eneo, yasemwe siku hiyohiyo. Katika nchi yetu hii ya Wanyaturu, ambako mji wa mtu na makaburi ya wazee wake havitengani, kunyamazia jambo hilo ni kuupanda mgogoro.

Hesabu nguvu zenu. Kila tripu ya mchanga, kila lori la mawe, kila siku ya kuchota maji ya kuchanganyia saruji, mtendaji aiandike pamoja na thamani yake ya fedha. Kijiji kikienda halmashauri kikasema "tumefanya kazi ya milioni kadhaa, hili hapa daftari," kinaongea lugha inayoeleweka pale. Na kabla ya kuanzisha boma jipya, tazameni kijiji jirani. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, nia ya serikali imekuwa zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na kila kijiji kinataka chake. Mimi naona ni heri vijiji viwili visaidiane kulipaua moja mwaka huu na jingine mwaka ujao kuliko kubaki na kuta mbili. Zahanati pia haifunguliwi kwa paa peke yake. Inataka mtumishi, na mtumishi anataka nyumba. Jengeni nyumba ya mganga mapema.

Fedha zikishafika

Siku hizi miradi mingi ya madarasa na zahanati haipewi mkandarasi mkubwa. Fedha huingia kwenye akaunti ya shule au kituo, na fundi wa kawaida hujenga chini ya usimamizi wa wananchi, utaratibu ambao mafundi wenyewe wanauita fosi akaunti. Hivyo ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 ya mpango wa UVIKO-19 kuanzia Oktoba 2021, kwa shilingi milioni 20 kila darasa la sekondari pamoja na madawati yake. Utaratibu huu unaunda kamati za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ukipendekezwa, usikatae kwa kisingizio cha shamba. Kamati ya mapokezi hasa ndiyo mlinzi. Saruji ikishushwa, ihesabiwe mfuko kwa mfuko kabla ya kusaini, na nondo zipimwe unene. Aliyesaini kupokea mifuko 200 huku stoo ina 160 ameshajiingiza matatani, hata kama hakula senti.

Kiasi kilichopokelewa kinapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwenye mkutano mkuu wa robo mwaka. Haijasomwa? Muulize mwenyekiti mbele ya watu, bila kumtukana. Ikiendelea hivyo, mwandikie mtendaji wa kata, kisha mkurugenzi. Ukiwa na dalili za wizi, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Peleka vitu, si hisia: picha ya ubao, nakala ya muhtasari, tarehe ya gari lililoshusha mzigo.

Na wewe unapolipa ushuru au ada yoyote ya halmashauri, dai risiti ya mashine au namba ya kumbukumbu ya malipo. Fedha iliyopokelewa kwa mkono na kuandikwa kwenye daftari la mfukoni haitajenga choo cha mtu. Michango ya shule ina masharti yake: tangu waraka wa elimu bila malipo wa mwishoni mwa 2015, mchango ni wa hiari, unakubaliwa na wazazi kikaoni, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Yanayomhusu mtu mmojammoja

Mengine hayahitaji mkutano. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu mengi kuonekana, ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa masharti makali zaidi. Mtu wa kuanzia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawataka muwe kikundi chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Ushauri wangu: kikundi kiwe kinafanya kazi tayari kabla ya kuomba. Wanawake watano wanaokamua alizeti na kuuza mafuta kwa chupa wanaeleweka kwa mkaguzi. Kikundi kilichozaliwa wiki ya kuomba mkopo hujulikana mapema, na mara nyingi hufa wiki ya kugawana.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bure kituoni anakopata chanjo au ofisi ya kata. Usisubiri aanze shule. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000 kwa njia moja. Anayekudai zaidi akuoneshe ankara. Walengwa wa TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, kwa hiyo jirani yako mjane asiyejua kusema mbele za watu anahitaji wewe usimame umtaje. Hospitali ya St. Carolus hapo Mtinko ni ya Kanisa Katoliki, si ya serikali. Mjamzito au mzee akienda, ulizeni mapokezi ni huduma zipi wanazopata bila malipo, kabla bili haijaandikwa.

Baada ya kukata utepe

Pampu ya sola ikifungwa na vituo vya kuchotea kufunguliwa, jumuiya ya watumia maji inakuwa na fedha mkononi kila siku. Hapa miradi mingi hufa kimyakimya, bila kosa la serikali. Fedha za ndoo ziende benki, si nyumbani kwa mhazini. Wenye kusaini wawe zaidi ya mmoja, na daftari lisomwe kila mwezi kituoni palepale panapochotwa maji. Wekeni akiba ya pampu mpya tangu mwaka wa kwanza. Vilevile choo cha shule: kabla ya makabidhiano ijulikane nani analipia sabuni na maji ya kunawa, na iandikwe kwenye taarifa ya kamati ya shule. Shule hupata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu, kwa hiyo mwalimu mkuu hana fungu la kutengeneza kila kitasa. Fundi wa kijiji mwenye bisibisi, akilipwa kidogo kila muhula, anatosha, na jina lake liandikwe mlangoni mwa ofisi ya mwalimu pamoja na namba ya simu.